Simu Kutoka Ng'ambo ya Mpaka

Juzi nilikuwa katika ofisi ya kikundi cha akina mama pale Mirongo, upande wetu wa mpaka. Kando yangu mama mmoja alikuwa akisokota ncha ya kanga. Wifi yake alikuwa amemvusha binti wa mama huyo kwenda Kenya, akakeketwe huko. Mwenyekiti alikuwa akiongea kwa simu na kikundi wenza cha upande huo.

"Amevaa sweta la kijani, dada. Mwahini!"

Tukangoja. Chai ikapoa. Simu ikaita, mwenyekiti akaweka spika.

"Tunaye, na polisi wapo. Ni mzima."

Mama akaidaka simu. "Mzima, au mzima mzima?"

"Hajaguswa, mama."

Akaketi sakafuni, akalia.

Wanaopeleka mabinti kukeketwa huvuka mpaka bila kupiga hodi. Nashukuru simu za akina mama nazo zinavuka. Nahofia binti asiye na mtu wa kupiga simu kwa ajili yake.