Nilivyomfikishia Mzee Bukuru Neno 'Disappointed'

Siku yangu ya kwanza kazini, katika kambi ya wakimbizi upande wa Kibondo, Mkuu wa Wakalimani alinikalisha kwenye benchi akaniuliza, "Mgeni akisema 'mimi nina njaa', wewe utasemaje?" Nikajibu, "Nitasema mgeni ana njaa." Akacheka mpaka akakohoa.

"Hapana, binti. Utasema 'mimi nina njaa', hata kama umetoka kula ugali sasa hivi. Mkalimani hana tumbo lake. Usiongeze, usipunguze. Ukiwa na la kwako, omba ruhusa kwanza: 'Mkalimani anaomba kueleza.'"

Mimi ni Muha wa Kitahana. Kiha na Kirundi ni ndugu, kwa hiyo kusikilizana na Warundi hakukunipa taabu. Kilichonipa taabu, na raha vilevile, maana ni mdadisi toka utotoni, ni Kiingereza cha watu walioudhika. Wenzetu wana maneno jamani! 'Annoyed' ni kero ya inzi kwenye chai. 'Upset', roho imechafuka. 'Offended', umevunjiwa heshima. Sisi tulikuwa na 'ishavu', hasira na huzuni humo humo, msikilizaji ajue mwenyewe ipi imezidi.

Baadaye nikahamishiwa Kasulu, chini ya Mratibu wa Maji, mama wa Ulaya, mchapakazi, asiyejua kuzungusha maneno. Mwenyekiti wa wakimbizi wa eneo letu alikuwa Mzee Bukuru. Watu wake walitakiwa kuchimba mtaro wa kupitisha maji machafu. Bila mtaro bomba lisingefunguliwa, na akina mama wangeendelea kuteka bondeni, maji ya matope.

Siku ya ukaguzi tukakuta hata jembe moja halijagusa ardhi. Mratibu akamwambia mbele ya watu kwamba yuko 'disappointed' naye. Ehe, hilo nalo nilibebe vipi? Nikasema kwa Kirundi, "Nilikutegemea, na sasa moyo wangu umevunjika." Mzee akavua kofia, akaondoka.

Asubuhi yake akaja ofisini na mkewe, wamebeba mtungi wa pombe ya ndizi na mirija miwili. Ndiyo desturi yao: ukimtia mtu ishavu hubishani naye. Unampelekea pombe, mnainamia mtungi mmoja, ndipo mnazungumza.

"Mwambie namshukuru," Mratibu akasema, "lakini sheria yetu hairuhusu zawadi."

Pombe ikirudi nyumbani, uhusiano umekwisha. Nikasema, "Mkalimani anaomba kueleza." Mama wa watu akanitazama kama kiti kimesema. Nikamweleza.

"Akirudi nayo?" akauliza.

"Hutamwona tena, wala hao wachimbaji wake."

"Na nikinywa?"

"Atasema."

"Atasema nini?"

"Sijui. Ndiyo maana nataka unywe."

Akacheka kidogo, akasema kuonja si kupokea. Akainama. Wakavuta mirija pamoja, vichwa karibu kugongana. Mzee Bukuru akafuta mdomo.

"Sasa naweza kusema. Juzi tulimzika mjukuu wangu. Kwetu kukiwa na msiba hakuna anayelima wala kuchimba. Jana umekuja, umenigombeza mbele ya watu. Hukuuliza, hukunipa pole. Umenitia ishavu."

Ya msiba nikayatafsiri, nikafika kwenye 'ishavu'. Nikayapitia kichwani yale maneno yote ya Kiingereza niliyoyahifadhi kwa mbwembwe. Hakuna lililotosha. Nikasema tu, kwa Kiingereza cha darasa la tano, 'umeniumiza', na sauti ikanikatika. Mtoto yule nilikuwa namfahamu.

Mratibu hakunisubiri. "Pole, Mzee," akasema mwenyewe kwa Kiswahili. Kisha akauliza msiba uko wapi, akaenda, akakaa mkekani na akina mama mpaka jua likaanza kushuka. Matanga yalipoisha, watu wakatoka na majembe bila kuitwa. Mtaro ukachimbwa, bomba likafunguliwa.

Nimestaafu sasa, niko Kitahana na maharage yangu. Vijana wananiambia, "Bibi, siku hizi simu inatafsiri kila kitu." Sawa, itafsiri. Mimi nataka tu kujua kama nayo huwa inaomba ruhusa kueleza.

Mzee Bukuru naye amepata uraia wa Tanzania, analima Kagerankanda, huko huko Kasulu. Juzi alimtuma mtu wa bodaboda: "Mwambie Agripina amenitia ishavu. Toka mavuno hajakanyaga kwangu." Wajukuu wakanihurumia, "Pole bibi, mzee wa watu amekukasirikia."

Nikawacheka. Nilikuwa na hofu kwamba ameshanisahau, uzee huu na umbali huu. Kumbe bado ananidai mguu wangu. Kwetu mtu aliyekuchoka hakutumii salamu ya namna hiyo, ananyamaza tu. Jumamosi naenda.