Aliyeshika Padi ya Pili

Saa kumi kasorobo alasiri, siku ambayo duara, yaani shimo la kuchimbia dhahabu, la upande wa juu wa machimbo ya Matongo lilibomoka, Mwita aliingia bandani kwangu akaomba kucheza gemu. Naanza na saa kwa sababu nina uhakika nayo. Ilikuwa ukutani juu ya runinga, na niliitazama. Mengine utayapima mwenyewe. Sinywi pombe, sina faida yoyote katika kukudanganya, na siku hiyo nilikuwa macho kama nilivyo sasa ninapoandika.

Ilikuwa miaka ya rashi, ule mkurupuko wa dhahabu uliowaleta watu kutoka kila upande hadi vyumba vya kupanga vikaisha na watu wakalala chini ya maturubai. Mimi sikuchimba. Nilijifunza mwenyewe kutengeneza redio na simu kwa kusoma vitabu vya ufundi vilivyochakaa, nikanunua mashine ya gemu na runinga, nikajenga banda la mabati. Vijana waliniita Fundi. Jioni walikuja kucheza mpira. Ila wawili, Mwita na Marwa, mpira hawakuutaka. Walitaka gemu la matofali.

Nilieleze gemu hilo, maana bila hivyo hutanielewa. Ni gemu la watoto. Vijitu vyake na dunia yake yote vimeundwa kwa matofali ya plastiki, yale ya kuchezea yanayopachikana. Halina damu. Kijitu kikianguka kinasambaratika vipande vipande, kisha kinajiunga tena na kuendelea na safari. Vipande vinavyolala chini unavikusanya na kujenga kinachohitajika, daraja au ngazi. Na wachezaji wawili hawashindani, wanasaidiana. Kila mmoja ana padi yake, kile kidude cha mkononi chenye vitufe. Kuna mahali mmoja asipomshikia mwenzake mlango, wote wawili mnabaki hapo.

Wachimbaji wengine waliwacheka. "Watu wazima na ndevu, mnajenga nyumba za wanasesere."

Marwa alikuwa na jibu lake. "Wewe cheza mpira wako. Hapa mimi nikifukiwa narudi mzima. Kule bosi wangu bado hajaninunulia hiyo."

Watu walicheka, na Mwita alicheka kuliko wote.

Mwita alizaliwa Mbalibali, wilaya ya Serengeti, lakini alilelewa kwa mjomba wake, jirani na kina Marwa, huku Tarime. Walitahiriwa msimu mmoja. Kwetu Wakurya hilo si jambo dogo. Mtu mliyesimama naye asubuhi ile ya kisu humwachi njiani, akiwa hai au akiwa maiti. Naomba ulishike hilo, kwa sababu ndilo lililofanya mambo yaende yalivyokwenda.

Siku hiyo mvua ilinyesha tangu asubuhi. Mchana tukasikia mlio wa chinichini, kama lori linamwaga kokoto mbali, kisha kelele za watu. Nilikimbia kama wengine. Tukaambiwa wawili wamo ndani, majina bado, kwa kuwa makundi yalikuwa yanapishana zamu. Msimamizi wa duara akatufukuza wote tusio na kazi pale. Miguu ikiwa mingi mdomoni, shimo linaendelea kumeguka. Alikuwa sahihi, nami nikarudi bandani. Mteja hakuwepo hata mmoja.

Ndipo Mwita akaingia. Alikuwa na matope ya kijivu toka kichwani hadi miguuni. Nilinyoosha mkono, akanipa kifundo cha mkono wake, kama anavyofanya kila mtu mwenye viganja vichafu. Kilikuwa baridi. Lakini niambie, mchimbaji gani anatoka kwenye duara lenye maji akiwa na kifundo cha moto? Miaka ile nilisalimia vifundo vingi kuliko viganja. Mahali pengine labda ningeshtuka. Pale Matongo hiyo ilikuwa salamu ya kila siku.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba. Afadhali wewe umetoka. Nani wamo ndani?"

"Marwa."

"Na nani mwingine?"

Aliketi kwenye benchi mahali pake pa siku zote, akachukua padi ya pili. "Weka lile letu," akasema.

"Mwita, mwenzako amefukiwa, wewe unataka gemu?"

"Ndiyo maana nimekuja. Shika hiyo ya Marwa."

Utaniuliza kwa nini nilikubali. Niliwahi kusoma kijitabu cha huduma ya kwanza, na kilisema kwamba mtu aliyepata mshtuko anaweza kuongea yasiyoeleweka. Usibishane naye, mkalishe, mpe kitu cha kushika mpaka atulie. Nikafuata kijitabu. Niliona aibu kidogo, lakini nilifuata.

Hatua waliyokuwa wameiacha ilikuwa ndani ya mgodi wa matofali. Kijitu changu, yaani cha Marwa, kilikuwa kimebanwa chini ya lundo la mawe, na tundu la kutokea lilikuwa juu sana. Mwita alianza kutoa mawe moja moja na kuyajenga yawe vidato. Siku nyingine alikuwa mchezaji wa fujo, mwenye kubonyeza vitufe vyote kwa pamoja. Siku hiyo alifanya kazi taratibu, kama mtu anayeondoa mayai chini ya kuku.

"Usisogee," aliniambia. "Ukisogea yanashuka." Baada ya muda akasema, "Pumua kidogo kidogo."

Kijitu cha plastiki hakipumui. Nikajiambia kuwa ni mshtuko. Hata hivyo, niamini, nilijikuta nabana pumzi.

Vidato vikapanda. Kikabaki kimoja tu kufikia tundu, na chini hapakuwa na kipande hata kimoja cha kujengea.

"Vimekwisha," nikasema.

"Bado vipo."

Kijitu chake kikatembea hadi kwenye lile pengo, kikasimama, kikasambaratika. Hakuna aliyekipiga. Sasa, gemu lile nililijua mwanzo hadi mwisho. Kijitu kikisambaratika, vipande vinapotea, halafu chenyewe kinarudi. Vile havikupotea. Vilijikusanya, vikapachikana kimoja juu ya kingine, vikawa kidato cha mwisho. Niliona rangi za nguo zake ndani ya kile kidato.

"Panda, Fundi. Upesi."

Padi ilitikisika mikononi mwangu kwa nguvu ambayo injini yake ndogo haina; nimezifungua padi nyingi, najua kilichomo. Nikapanda. Kijitu changu kikatokea kwenye mwanga. Nikasubiri cha Mwita kijiunge tena kama kawaida. Hakikujiunga.

Mwita akaiweka padi juu ya benchi. "Mwambie Marwa asirudi kunifuata."

"Si utamwambia mwenyewe akitoka?"

"Mimi hatanisikia. Mwambie hivyohivyo, Fundi. Asirudi."

Akatoka. Nikasikia kelele kutoka juu kwenye duara, kelele za furaha, nami nikaruka nje. Njia ya kwenda huko ni moja na imenyooka, haina kichaka wala nyumba ya kujificha. Ilikuwa tupu.

Nilipofika walikuwa wamemlaza Marwa juu ya turubai. Alikuwa hai. Mguu ulikuwa umechanika na macho yamejaa matope, lakini aliongea. Alisema, "Mtoeni Mwita. Yuko chini yangu palepale. Nimekanyaga bega lake kutoka."

Msimamizi akainama. "Mwita alikuwa chini kabisa, Marwa. Pale pote pameshuka mara ya kwanza. Hakuna bega pale."

"Nimelikanyaga. Alikuwa ananisukuma."

Nikasema kwamba Mwita ametoka bandani kwangu sasa hivi. Watu walinigeukia wote. Kijana mmoja aliyeshika kamba akasema, bila hasira, "Fundi, rudi kwenye redio zako. Watu hapa wana msiba."

Nilirudi. Mwita alikuwa akidondosha maji alipoingia, lakini benchi lilikuwa kavu na sakafu haikuwa na alama ya mguu. Niliwaza kwamba huenda ni mimi niliyepata mshtuko. Kisha nikachukua bisibisi na kuifungua padi ya pili. Chini ya vitufe, ndani kabisa ambako kidole hakifiki, palikuwa pamejaa matope ya kijivu, yale ya mwamba wa chini. Udongo wa juu Matongo ni mwekundu.

Jioni hiyo nilikwenda alikolazwa Marwa, chumbani kwa mama lishe mmoja aliyekuwa akiwapikia. Nikamweleza yote kwa mpangilio, kama nilivyokueleza wewe, na mwisho nikautoa ujumbe neno kwa neno mbele ya yule mama. Marwa hakunicheka. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Alisema asirudi?"

"Alisema hivyo. Mara mbili."

"Basi huyo hakuwa Mwita." Akageukia ukutani. "Mwita angesema, njoo unitoe. Mimi ningekuwa chini ningesema hivyo, na yeye angekuja."

"Amekutoa ili uishi, Marwa."

"Fundi, wewe umeshika padi. Mimi nimemkanyaga begani. Tusilinganishe."

Wewe ungejibu nini?

Asubuhi mama yake Mwita alifika kutoka Mbalibali kwa bodaboda, amejifunga khanga kiunoni. Msimamizi alimweleza kwamba hakuna mtu atakayeingia mpaka kuta zishikwe kwa matimba, yale magogo ya kuegemeza, na kazi hiyo ingechukua siku kadhaa. Mama alisikiliza, akaketi chini karibu na mdomo wa duara, akasema atasubiri hapo. Mvua ilimnyeshea. Tulimletea mwavuli, hakuufungua.

Nilimwendea. "Shikamoo, mama." Nikamwambia alichosema mwanawe. Nilidhani akikisikia yeye, akamkataza Marwa, Marwa atatii. Hilo ndilo tumaini pekee nililokuwa nalo.

Alinitazama kwa upole. Upole huo naukumbuka kuliko kitu chochote katika habari hii. "Baba," akasema, "kama mwanangu angeweza kuongea na wewe, angeongea na mimi."

Marwa alikuwa amejikongoja mpaka pale kwa fimbo, akasikia. Mama akamgeukia. Hakumlaumu. Alimwuliza tu kama amekula. Kisha akasema, kama mtu anayeongea peke yake, "Nataka nimzike nyumbani, karibu na baba yake. Sitaki alale kwenye shimo la watu."

Nilimwona Marwa akiitikia kwa kichwa, nikajua kwamba atashuka kumtoa. Nikamfuata msimamizi, nikamwambia amweke mtu wa kumlinda. Akaniambia Marwa hawezi hata kutembea. Nikamwambia mtu haingii duara kwa kutembea, anashushwa. Akasema ataliangalia.

Msimamizi alipokwenda kununua magogo, Marwa aliwaita vijana wawili wa rika lake. Wakaishika kamba. Hawakumuuliza kitu, na mimi siwalaumu. Mtu wa rika akisema anakwenda kumchukua mwenzake, unashika kamba. Walisema alifika. Walisema kamba ilitikiswa kwa ishara ya kwamba amempata, na kwamba walipoanza kuvuta, uzito ulikuwa wa watu wawili. Halafu ule mlio wa kokoto ukarudi, na kamba ikaja juu nyepesi.

Walitolewa pamoja baada ya matimba kuwekwa. Marwa alikuwa amemfunga Mwita kifuani kwake kwa shati. Daktari aliyewakagua alisema Mwita alikufa papo hapo duara lilipobomoka mchana ule, na kwamba mifupa ya bega lake la kulia ilikuwa imesagika vipande vidogo vidogo.

Mama alimchukua mwanawe Mbalibali. Kabla ya gari kuondoka aliniita dirishani, akaniomba nirudie maneno ya Mwita. Nikayarudia. Akaomba tena. Nikayarudia tena, na gari likaondoka.

Toka siku hiyo siwezi kucheza na mtu. Watoto wangu wana gemu kama lile kwenye simu, na wakinipa nishike upande mmoja, natoka nje. Ile mashine niliijaribu mara moja. Kijitu cha kwanza kinacheza vizuri. Cha pili hakiingii, hata ukianza upya, hata ukiweka padi mpya. Mnunuzi mmoja wa Sirari nilimweleza yote kabla ya kupokea pesa yake. Akacheka. "Mzee, hiyo ni program tu. Nita-reset." Miezi michache baadaye nilikutana naye mpakani. Aliniamkia vizuri, akanunua chai, na hakuitaja mashine hata kidogo.

Nakuonya wewe uliye karibu na mashimo. Mtu akitolewa ardhini akiwa hai na mwenzake amebaki, usimwache alale hapo, wala usimpelekee ujumbe ukadhani umemaliza kazi. Mpandishe kwenye gari. Mfunge kwa kamba ikibidi, akutukane, akuite mchawi, mpeleke kwao mbali na shimo mpaka mwenzake azikwe. Maneno peke yake mimi niliyajaribu.

Mashine na runinga nilinunua kwa laki sita, nikaviuza kwa laki moja na nusu. Katika vyote vilivyopotea Matongo wiki ile, hicho ndicho kidogo kuliko vyote, na ndicho pekee ninachoweza kukitajia kiasi: shilingi laki nne na nusu.