Shada kwenye Mlango wa Maiti

Katika nyumba za Hadley, kwenye pwani ya Maine, mlango wa mbele ni pambo tu. Unapakwa rangi, kitasa chake kinasuguliwa, na kila Desemba unavishwa shada la misonobari lenye utepe mwekundu, lakini hapiti mtu. Watu huingia kwa mlango wa jikoni, na viatu vyao vya theluji na mbwa wao nyuma, wala hawabishi hodi. Kwa mbele hupita bibi harusi anayetoka kwenda kuolewa, na maiti anayetoka kwenda kuzikwa. Nyumbani kwa Verlie Dennison aliyepita mara ya mwisho alikuwa mama yake, miaka kumi na minne iliyopita, naye hakupita kwa miguu yake.

Verlie alikuwa na miaka sitini na minane na kazi yake ilikuwa mashada. Jalidi, ule umande wa kuganda, ikishaanza kuuma, huyo anaingia msituni kuvunja ncha za matawi, anazirudisha kwa mzigo mgongoni, kisha anakaa kwenye meza ya jikoni kuzifunga kwa waya juu ya duara la chuma, shada moja baada ya jingine, mpaka Krismasi. Mikono yake ilinuka utomvu hadi Pasaka. Mwaka mmoja alilala na glavu za kazi, akaamka kidole gumba kimechipua mche wa msonobari, ukabidi ukatwe kwa mkasi wa kukatia kuku. Wanaobisha ni wale ambao hawakukiona kidole.

Katika wilaya nzima mtu mmoja tu alimshinda, naye alikuwa dada yake mkubwa, Idella. Shada la Idella ungeliviringisha kutoka Hadley mpaka Boston, likafika pale na kila jani mahali pake. Na dada huyo alikuwa hajamsemesha Verlie kwa miaka tisa.

Kisa chenyewe kilikuwa cha matawi. Kule kila mtoto anajua kwamba ncha za msonobari hazivunjwi mpaka jalidi kali ipige usiku mara tatu, kwa kuwa ukivunja mapema, majani hayashiki. Shada hupukutika likabaki kama kuku aliyenyonyolewa. Mwaka ule mnunuzi alirudisha fungu zima la mashada yenye vipara. Wanakijiji walikuwa wamekusanyika ukumbini, wanakula maharagwe yao ya Jumamosi, mtu akauliza ni ya nani. Verlie, uma mkononi, akasema ni ya Idella. Alisema hivyo tu, haraka, kama mtu anayemfukuza nzi.

Idella aliiweka sahani yake mezani. Hakupaza sauti. Alisema kwamba maadamu ana miguu, hatakanyaga tena mlango wa jikoni wa Verlie. Akachukua koti lake akaenda zake, na tangu siku hiyo walitikisiana kichwa tu posta na kanisani kama watu wawili waliokutana kwenye foleni ya daktari wa meno.

Sasa mwaka huu zikaja habari kwamba Idella amefungasha. Tarehe ishirini na saba Desemba anahamia Florida kwa mwanawe, ambako hata msonobari wa Krismasi unatolewa kwenye boksi. Verlie alipata habari hizo dukani akiwa anachagua viazi, akavirudisha vyote bila kununua. Nyumbani alikaa akifunga mashada mpaka kahawa ikapoa mara tatu. Alimtaka dada yake mezani pake, Krismasi hii, kwa kuwa nyingine huenda isiwepo. Lakini kumwendea na kumwambia alichopaswa kumwambia, hapana; kila alipojaribu aliishia kuzungumzia hali ya hewa, hata alipojaribia kwa paka.

Ndipo akapata akili. Idella alikuwa ameapia mlango wa jikoni. Wa mbele hakuutaja.

Jumamosi, siku tatu kabla ya Krismasi, Verlie akamwita jirani yake Crandall Look, mvuvi wa kambakoche, wale kamba wakubwa wa bei ghali, mtu mnene mwenye moyo mzuri na mtaimbo. Mlango ulikuwa umevimba kwa unyevu, na ulikuwa umepakwa rangi mara tatu na kushikana na fremu. Panya walikuwa wameoana nyuma yake mpaka wakapata vitukuu. Crandall alisukuma kwa bega, akachokoa kwa mtaimbo, akautukana kwa adabu kwa sababu nyumba ilikuwa na bibi. Aliuliza anafungua kwa ajili ya nani.

Verlie alimwambia asukume, maswali yatamkuta ndani.

Walipoukabili wote wawili kwa pamoja, mlango uliachia kwa kishindo kilichowaangusha shakwe wawili kutoka juu ya paa la kanisa, na Crandall akaingia kwa tumbo mpaka chini ya picha ya marehemu mama. Upepo wa bahari ukamfuata ndani. Mlango sasa ulikuwa wazi kabisa, na haukusogea tena kwenda wala kurudi, lakini Verlie hakujali; kwanza alitaka kupamba.

Alipamba kama mtu anayelipiza kisasi. Kwenye ngazi aliweka ndoo mbili, akazijaza matawi marefu na vijiti vyenye tunda jekundu la kinamasini. Kuizungushia fremu yote aliandaa kamba nene ya misonobari, na kwa sababu ilikuwa ndefu mno kufungiwa mezani, Crandall alileta viunzi viwili vya seremala vya kulazia mbao, akaviweka sebuleni mkabala na mlango, akalaza ubao juu, na juu ya ubao wakarundika matawi yote. Crandall akatoka jasho, akavua kofia, akasimama kando ya lile rundo akipumua, kofia kifuani.

Wakati huohuo Winola Faulkingham alikuwa anapita barabarani na gari lake, mwendo wa pole kwa sababu ya utelezi, akatazama.

Aliona mlango wa mbele wa Verlie umefunguliwa. Aliona vile viunzi viwili, ubao, na kitu kirefu kilichofunikwa matawi. Aliona Crandall Look bila kofia. Mtu wa Hadley hahitaji zaidi ya hapo. Winola aligeuza gari akaenda nyumbani kuwasha jiko, na wakati maharagwe yanapata moto, akashika simu.

Verlie alikuwa juu ya ngazi ya kukunjua, upande wa nje, waya mdomoni, anafunga kona ya juu ya fremu, aliposikia mtu analia jikoni kwake, upande wa nyuma magari yanakoingilia. Kisha wawili. Kisha mlango wa jikoni ukafunguka na kufungwa, ukafunguka na kufungwa, na vyungu vikawa vinatua mezani. Alishuka, akapita sebuleni, akachungulia.

Jikoni palikuwa na watu kumi na mmoja. Winola alikuwa anapakua. Mchungaji, kijana ambaye hakuwa na mwaka pale kijijini, alikuwa ameshika pai ya tufaha na Biblia kwa mkono mmoja. Mtu alikuwa anasema kwamba marehemu alikuwa na ulimi, lakini moyo alikuwa nao pia.

"Ulimi bado ninao," Verlie akasema kutoka mlangoni.

Kijiko cha Winola kilianguka ndani ya maharagwe kikazama, na hakikuonekana tena siku ile. Mchungaji alikaa juu ya jiko, bahati nzuri lile lililozimwa. Walipoeleza, kila mmoja akimsukumia mwenzake, Verlie alianza kucheka mpaka akajishika kwenye friji, na wao wakacheka kwa aibu, halafu kwa raha. Akazunguka meza akifunua vyungu. Maharagwe ya Winola, makaroni na jibini, maharagwe tena, kabichi.

"Miaka sitini na minane nimekaa nanyi," akasema, "na hakuna hata mmoja aliyeniona nastahili kambakoche?"

Crandall alisema kama angejua amekufa angeleta.

Ndipo Verlie akauliza Winola alimpigia nani simu. Winola akaanza kujifuta mikono kwenye aproni. Alisema mtu wa kwanza alikuwa Idella, maana ndiye ndugu, ilikuwa haki yake asikie kwanza.

Kabla Verlie hajaifikia simu, pikapu ikaingia uani kwa kasi, ikaupita mlango wa jikoni, ikasimama ikiwa na gurudumu moja ndani ya kichaka cha waridi cha mbele. Watu wa jikoni wakasongamana kwenye mlango wa sebuleni. Idella alishuka akiwa na aproni, mguu mmoja na kiatu cha theluji na mwingine na ndara. Alipanda ngazi za mbele katikati ya zile ndoo mbili, akainama chini ya kamba ya misonobari iliyokuwa inaning'inia nusu, akaingia. Hakutazama kushoto wala kulia. Alikwenda moja kwa moja kwenye ubao akaweka mkono juu ya rundo la matawi.

"Mjinga wewe," akaliambia rundo. "Mimi ndiye mkubwa. Ilikuwa zamu yangu."

Verlie alitoka jikoni polepole. "Dada."

Idella aligeuka. Alimtazama mdogo wake kutoka kichwani, palipojaa majani ya msonobari, mpaka miguuni. Akalifunua rundo, akaona ubao mtupu. Uso ukamwiva.

"Kwa hiyo ndio ujanja wako huu. Unajiua ili nije?"

Verlie alisema kujiua hakujiua, ni Winola aliyemuua. Yeye alitaka kumwalika Krismasi tu. Akasema, kwa sauti ndogo ambayo hata yeye aliionea haya, kwamba Idella aliapia mlango wa jikoni, na huu haukuwa wa jikoni.

"Nilijua utatafuta mlango mwingine," Idella akasema. "Tangu utotoni, kosa likikukabili unatafuta pa kupitia." Akajifunga aproni vizuri na kuanza kwenda zake. Watu waliokuwa wanachungulia walimpisha, ingawa hawakuwa njiani kwake.

Verlie aliona mgongo ule, na ndara ile moja kwenye baridi ya kugandisha mate, akajua mlango umefanya kazi yake yote na bado haukutosha.

"Yale mashada yalikuwa yangu," akasema. Na kwa kuwa Idella hakusimama, akasema tena kwa nguvu, mbele ya mchungaji, Winola na kijiji. "Yenye vipara. Nilivunja matawi baada ya usiku mmoja tu wa jalidi. Niliogopa aibu, nikakuvisha wewe."

Idella alisimama kwenye kizingiti. Hakugeuka.

"Najua," akasema. "Nililipindua moja siku ileile nikaona fundo la waya. Wewe hufunga kwa kushoto."

"Miaka tisa umejua, na hukusema?"

"Halikuwa langu la kusema. Lilikuwa lako." Akaguna. "Na umelichelewesha, mdogo wangu. Nimekaribia kuzeeka."

Kisha akainua macho kwenye kona ya juu ya fremu, ile ambayo Verlie alikuwa ametoka kuifunga, akaitazama kama daktari anavyotazama jino. Alinyoosha mkono nyuma bila kugeuka, akaomba waya. Verlie alimpa. Akaomba ngazi. Crandall alimshikia. Akaanza kuifungua kona yote upya, akieleza kwa sauti kosa liko wapi, na Verlie akimpa matawi moja baada ya jingine, akisema "ndiyo, dada", na machozi yakimgandia mashavuni mpaka Winola akaja na taulo.

Mchungaji aliuliza kwa upole kama bado anatakiwa kusoma. Wakamwambia abariki chakula.

Crandall alijaribu kuufunga mlango, akausukuma kwa bega, kwa mgongo, mwisho kwa mtaimbo. Haukusogea. Theluji ilikuwa imeanza kuingia na kutua juu ya zulia. Akauliza alete nyundo. Verlie akamwambia auache, aje ale.

Wakala hivyo, watu kumi na wanne na makoti yao, mvuke ukitoka midomoni na kwenye maharagwe. Idella alikaa upande wenye upepo, ndara yake imebadilishwa kwa kiatu cha Verlie, akilalamika kwamba katika maisha yake yote hajawahi kualikwa kwenye nyumba yenye baridi namna hii, na akasogeza sahani yake aongezwe.