Vitabu vya Nusu Bei

Mama Nyuzi alikuwa fundi wa makochi, na kwake kitambaa hakitupwi. Mabaki aliyashonea majalada ya vitabu vya wanawe, kwa mshono wa pindo mbili ambao mtaa mzima uliujua. Mwanawe mkubwa alipomaliza shule, vitabu vyake vilifungiwa sandukuni vimsubiri mdogo wake wa kike.

Kisha shemeji yake, mdogo wa mumewe, aliyekuja kutafuta kazi akaishia kutafuta rimoti, akamwambia paa limevuja, vitabu vimeoza, amevitupa.

"Pole, shemeji. Siku hizi watu wananunua mtandaoni, vilivyotumika, nusu bei." Akamwonyesha na ukurasa wenyewe.

Binti alikuwa akitolewa nje kila kipindi cha hisabati kwa kukosa kitabu, na hilo lilimchoma mama yake kuliko sindano. Akabishana na muuzaji kwa ujumbe, akaomba, akabembeleza, hadi akapunguziwa kidogo. Akalipa.

Kitabu kikaletwa karakana kwa pikipiki, kimevishwa karatasi ya kaki. Akaibandua ili akikague. Chini yake palikuwa na kitambaa cha kijani alichokijua vizuri, na mshono wa pindo mbili. Mshono wake mwenyewe!

Hasira zikampanda. Amenunua mali yake! Tena kwa kubembeleza! Kikulacho ki nguoni mwako, sawa, lakini hiki kilikuwa kinamla na kumdai nauli ya pikipiki.

Alifunga karakana, akaenda nyumbani, akasimama mlangoni na kuipiga namba ya muuzaji. Simu ikalia chini ya mto wa kochi alipojilaza shemeji.

"Pokea basi. Ni mteja wako."

Shemeji akakurupuka. Alipokiona kitabu, akaketi tena na kuisukuma simu chini ya mto.

"Shemeji, yasifike mbali. Kwani sikukupunguzia?"

"Vingine viko wapi?"

Vilikuwa begini mwake, vimeshavishwa kaki. Akavitoa kimoja kimoja, na binti, aliyekuwa ndiyo kwanza ametoka shule, akavipokea bila kumwangalia usoni.

"Sasa inuka hapo."

Akainuka. Mama Nyuzi akalipiga picha lile kochi alilolishona kwa mikono yake, akaliweka mtandaoni palepale, akiandika: "Kochi linauzwa, nusu bei. Limelaliwa sana. Aliyekuwa akililalia hayumo kwenye bei, anaondoka leo."