Siku Sabini na Tisa za Moffat

Ukimuuliza Moffat wakati, usitegemee jibu fupi. Ni Mkenya, mwalimu wa historia katika chuo kikuu kimoja cha Johannesburg, na katika historia yote ya dunia amejichagulia kipindi kimoja kinachoitwa Ryakunin. Japani ya zamani ilihesabu miaka kwa majina yaliyotolewa na jumba la mfalme. Nchi ikipatwa na nuksi, jina hubadilishwa, hesabu ikaanza upya. Ryakunin ilianza mwishoni mwa mwaka 1238 na haikufikisha hata miezi mitatu. Vitabu vingi huipitia kwa mstari mmoja, vingine haviitaji kabisa.

Jambo hilo linamuudhi Moffat hadi leo. Huwaambia wanafunzi wake kwamba ndani ya Ryakunin watu walizaliwa, wakaoana, wakazikwa, na aliyezaliwa humo alizaliwa kweli. Wanafunzi huandika, kisha huuliza kama litakuwa kwenye mtihani.

Mwaka 2019 Japani ilipotangaza jina jipya la enzi, redio moja ilimpigia simu. Kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na sita mtu alitaka kumsikiliza. Alizungumza dakika ishirini, kumi na tano kati ya hizo zikiwa za Ryakunin. Waliporusha kipindi, walibakiza dakika mbili za jina jipya tu. Alisikiliza peke yake jikoni, chai ikapoa, na hapakuwa na mtu wa kumlalamikia.

Hakuwa hivyo siku zote. Tarehe 2 Desemba 1998 alimwoa Jennifer, mwanafunzi mwenzake kutoka Kenya, katika ofisi ya serikali hapa mjini. Tarehe 19 Februari 1999 alipanda ndege kwenda Osaka kusoma. Jennifer alikuwa amemwambia, "Ukienda, nenda kabisa." Naye akaenda. Karatasi za talaka zilimfuata kwa posta. Aliporudi mwaka 2003, Jennifer alikuwa mke wa Kip, mtu wa benki, mpole, asiyekosa kanisani. Ndoa ya Moffat, ya siku sabini na tisa, iliishinda Ryakunin kwa siku chache tu, na sijui mtu mwingine mwenye ushindi wa kusikitisha kiasi hicho.

Mwezi Mei mwaka huohuo wa redio, Jennifer alifariki. Mwili ulikuwa usafirishwe Eldoret, lakini kwanza Wakenya wa hapa wangemwombea katika ibada Jumamosi. Sasa, Wakenya wakiwa msibani humsikiliza mchungaji kwa adabu, ila wasifu wa marehemu huusikiliza kwa masikio yote mawili. Nani katajwa, nani karukwa, nani kaitwa mke na nani kaitwa rafiki wa familia. Asiyekuwemo kwenye karatasi ile hakuwepo.

Jumatano Kip alimpigia.

"Mwalimu, pole."

"Pole wewe, ndugu yangu."

"Nimekutumia wasifu wa mama watoto. Wewe ndiye mtu wa tarehe. Upitie, urekebishe panapohitaji, halafu uupeleke mwenyewe kwa mchapaji. Mimi nguvu sina."

Moffat aliusoma usiku na asubuhi. Jennifer alihitimu 1998. Alianza kazi Januari 1999. Akasahihisha: ilikuwa Machi, maana Januari alikuwa naye, wakipika ugali kwenye jiko la umeme lenye sahani moja. Aliandika, "Tarehe 2 Desemba 1998 alifunga ndoa na Moffat." Akauangalia mstari ule. Ni nani huyo anayejipachika kwenye msiba wa mke wa mtu? Aliona aibu, akaufuta. Mganga hajigangi. Mtu aliyepigania siku za wafu wa Japani alishindwa kuzipigania zake mwenyewe. Akapanga karatasi vizuri, akaipeleka kwa mchapaji.

Jumamosi alikaa safu ya mwisho. Wasifu ulisomwa wote. Masomo, kazi, ndoa na Kip mwaka 2002, watoto wawili. Watu waliitikia kwa vichwa. Moffat aliumia kuliko alivyotarajia, na hakuwa na haki ya kulia kwa sauti, kwa hiyo alilia kwa pua, kama mwenye mafua.

Baada ya ibada Kip alimfuata nje, programu ya ibada yenye wasifu mkononi.

"Mwalimu, mbona hukujaza?"

"Kujaza nini?"

"Baada ya kuhitimu. Nilikuachia mstari mtupu. Jennifer hakunificha kitu, ila tarehe zenu hakuwahi kunitajia, nami niliona haya kumuuliza. Nikasema hizo anazo Moffat, ataziandika. Alitaka uwemo. Aliniambia hospitalini."

Moffat aliikumbuka nafasi ile. Palikuwa na pengo kati ya 1998 na 1999, upana wa mstari mmoja. Alidhani ni kosa la kompyuta.

"Niliona karatasi imekaa vibaya," alisema. "Nikaliziba lile pengo."

Kip alimtazama, kisha akatazama rundo la programu mezani, nakala mia mbili, na watu waliokuwa wakizikunja na kuzitia mifukoni.

"Basi," alisema Kip, akamshika bega. "Twende ule chakula, mwalimu."