Salamu ya Nne

Maxine alishuka kwenye pikipiki nje kidogo ya Kabianga, mvua ya mawe ikiwa ndiyo kwanza imekoma. Majani ya chai yalikuwa meupe kama yamemwagiwa chumvi, na ukungu ulipanda kutoka bondeni ukimeza mistari ya michai mmoja baada ya mwingine. Alikuwa ametembea nchi nyingi, lakini hapa hakumjua mtu. Mwenye pikipiki alimwonyesha kibanda cha mabati: kuna sinema humo, mama, ungoje barabara ikauke.

Ndani alikuta televisheni, mabenchi sita na mtazamaji mmoja, mwanamke wa makamo aliyevaa gambuti, mabuti ya mpira. Aliitwa Gesare, mchumaji chai wa kambi ya wafanyakazi iliyo jirani. Kipruto, mwenye ukumbi, alisema leo ni mwisho. Vijana wa chuo wanatazama kwa simu siku hizi. Kesho kibanda kinageuka duka la mbolea, na kompyuta yenye filamu inafutwa.

Filamu ilikuwa katuni ya wizi. Bundi, nguchiro na panya wawili wanaingia katika nyumba iliyojengwa chini ya ziwa kuiba taji. Gesare alikuwa ameiona karibu kila Jumapili kwa miaka miwili, na aliizungumzia kama nyapara anayekagua kazi.

"Mpango wao ni mzuri, dada. Shida ni huyo nguchiro. Mwizi wa kweli hacheki kabla hajatoka."

Alichokipenda zaidi ni ule ukumbi mrefu wa nyumba ya ziwani, usio na muziki, kivuli cha maji kikitambaa darini. Aliyechora pale, alisema, amewahi kuogopa kweli. Maxine akauliza kama hao wezi wanatoka salama.

"Sijui. Sijawahi kufika mwisho."

Kipruto ndiye aliyeeleza, macho yakiwa sakafuni. Filamu ilikuja kwa lugha ya kigeni. Aliyeitia Kiswahili ni Osoro, mume wa Gesare. Aliketi hapa hapa na maikrofoni, akitafsiri na kurekodi, na kama watafsiri wote wa sinema, katikati ya vituko aliwasalimu kwa majina waliokuwa benchini. Kisha kifua kikamuua. Sauti yake ikabaki ikisalimu. Wa kwanza kwenye salamu ni fundi wa baiskeli, ambaye siku moja aliitikia kwa mzaha. Akazikwa kabla ya Krismasi. Mama wa maziwa aliitikia akicheka, akafuata. Wa tatu, mlinzi wa kambi, vivyo hivyo. Wa nne ni Gesare. Kila Jumapili alisimama kabla ya jina lake na kutoka nje, asirudi. Kipruto alitaka kumpa nakala, akakataa; hakutaka sauti ile katika chumba anacholala.

"Na leo?" Maxine akauliza.

"Leo nikitoka, sitamsikia tena."

Panya wakafika kwenye ukumbi mrefu. Sauti ya Osoro ilikuwa ya mtu mchangamfu, yenye mkwaruzo kidogo. Ikamsalimu fundi. Ikamsalimu mama wa maziwa, ikamtania kwamba anaongeza maji. Ikamsalimu mlinzi. Gesare hakusimama. Alishika magoti yake kwa mikono miwili.

"Na Gesare, Mama Moraa. Uko?"

Kisha kimya. Kipruto alimtikisia kichwa: usijibu. Kivuli cha maji kilikuwa kimetoka kwenye kioo cha televisheni, kikipita juu ya mabati.

"Niko, Baba Moraa."

"Haya," ikasema ile sauti. "Jifunike vizuri. Huku kuna baridi."

Kipruto aliondoa mkono kwenye kompyuta kama aliyeungua. Alinong'ona kwamba ameionyesha filamu hii mara mia, na baada ya "Uko?" hakukuwahi kuwa na kitu ila kicheko.

Gesare hakulia. Alionekana kama mtu aliyeletewa barua aliyokuwa akiingoja. Akajifunga shuka mabegani, akalibana vizuri shingoni. Maxine akainuka amsindikize.

"Kaa, dada," Gesare akasema. "Angalau mmoja wetu ajue kama wezi walitoka."

Akauvuta mlango nyuma yake. Maxine akaketi. Walimsikia akikanyaga ile barafu ya mvua ya mawe, hatua kwa hatua, bila haraka.

"Kambi yao iko juu," Kipruto akasema polepole.

Hatua zilikuwa zinateremka bondeni.