Goti Lililoshonwa kwa Mshipi

Utotoni niliamini kabisa kwamba mbwa akishonwa goti kwa mshipi wa kuvulia samaki, maji yakijaa baharini atavutwa mpaka Feri, kwenye soko la samaki. Leo nimeshika mshipi mpya dukani Kariakoo, unateleza na kunukia plastiki, nikamkumbuka mbwa wa jirani yetu wa Mchafukoge, mama mwenye duka la vitambaa.

Kano ya goti ilimkatika akiruka ngazi. Mguu ukaning'inia kama kandambili iliyochomoka mkanda. Majirani wakasema, "Mama, adungwe sindano alale moja kwa moja. Huyo hatembei tena."

Mama mwenye mbwa akakataa, tukampeleka kwa daktari wa mifugo, dada mwembamba mwenye mikono iliyotulia kuliko maji ya mtungini. Dirishani nilimwona akipitisha mshipi kando ya goti na kuukaza. Akaukunja mguu, akaunyoosha, goti likatii. Nadhani sikupumua mchana kutwa.

Wiki kadhaa baadaye mbwa akaanza kukanyaga. Daktari akaja kumwangalia, akamkuta nimemfunga kamba tatu kwenye nondo za dirisha.

"Shikamoo dokta. Leo maji yanajaa," nikamweleza.

"Marahaba. Nani kakudanganya?" Alicheka mpaka akakaa kwenye ngazi. Kisha akaanza kufungua kamba, akabakiza moja, akanikabidhi. "Mtembeze polepole. Mshipi hauvutwi na bahari, na baadaye utakatika humo humo ndani. Unamshikia goti tu, mpaka mwili wake ujenge kovu gumu la kulishika wenyewe."